Hatukupimi Wewe

3 Februari

Dada,

Shikamoo. Najua utashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwa mtu ambaye hata kadi ya harusi yake alikutumia kwa simu. Kaa kitako nikueleze.

Kampuni yangu imepewa kazi ya kutathmini tovuti ya maktaba ya chuo kimoja: kama watu wanaitumia kwa urahisi, na kama yaliyoandikwa ndani yana maana. Maktaba yenyewe ni yenu, na tovuti yenyewe ni yako. Nilipoona jina la chuo kwenye faili nilitaka kumwomba bosi anitoe. Kisha nikafikiri, akija mwingine atakuwa mtu asiyekujua, na huyo atakuchinja bila bismillahi. Hapa ofisini hawajui kwamba tumenyonya ziwa moja, kwa kuwa wewe unatumia jina la marehemu shemeji. Tuache hivyo hivyo. Usinipigie simu ya kazini, na barua pepe zetu husomwa. Tuandikiane kama nilipokuwa bweni. Na tuseme ukweli, kwa simu mimi na wewe hugombana kabla ya salamu kuisha.

Kazi ni hii. Nitakaa na wanafunzi, mmoja mmoja, mbele ya kompyuta. Kila mmoja nitampa vitu vya kutafuta: kitabu fulani, makala ya jarida, saa ya kufunga Jumamosi. Yeye anabofya huku anasema kwa sauti anachofikiri, mimi naandika, na kamera inarekodi. Kanuni ya kwanza ni kwamba mtathmini hasaidii. Mtu akipotea mpaka jasho limtoke, mimi nakaa kimya. Kabla ya kuanza humsomea kila mmoja maneno haya: "Usiogope kukosea. Hatukupimi wewe, tunapima tovuti."

Na wewe nakuambia hivyo hivyo, ulale usingizi. Nisalimie Mama, mwambie nakula vizuri.

Mdogo wako,
Swali

10 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma peke yangu jikoni, kisha nikamsomea Mama, ambaye macho yake sasa yanamwonyesha vivuli tu. Aliposikia kwamba kazi yako ni kukaa kando ya mtu aliyepotea na usimwambie njia, akauliza, "Na kwa hilo wanamlipa?" Nikamwambia ndiyo, Mama, tena na posho juu. Amecheka mpaka nikamletea maji.

Mimi nimecheka pia, lakini huo usingizi sijaupata. Tovuti ile nimeilea peke yangu kama mtoto wa kambo. Mkurugenzi wetu, bwana tai shingoni, huikumbuka wageni wakija. Niliianza kwenye kompyuta ambayo ilikuwa lazima uipige kofi ubavuni ndipo iwake. Kila neno mle ndani ni langu, kuanzia "Karibu Maktabani" mpaka ukurasa wa faini za wanaochelewesha vitabu. Wasomi wote wale wa ghorofani hakuna aliyeniandikia hata mstari.

Na bado wanafunzi wanakuja dawatini. Unajua wananiita Mama Rafu? Asubuhi nikifungua nawakuta wamekaa kwenye ngazi. "Mama Rafu, makala siioni." "Mama Rafu, nenosiri limenikataa." Nazungusha kioo cha kompyuta upande wao, nawaonyesha, wanaondoka na walichokijia. Kazi yangu ni hiyo, sijui nyingine, na kwa umri huu sitaki kujifunza nyingine. Mwajiri mpya atanichukua nimfanyie nini, nimpangie vumbi?

Sasa niambie kitu kimoja. Nani kaomba tathmini hii? Miaka yote hakuna aliyeuliza tovuti imeamkaje. Mkurugenzi anasema "ni mambo ya ubora" na kuangalia dirishani. Wewe unajua. Niambie.

Dada yako,
Mama Rafu

17 Februari

Dada,

Shikamoo. Aliyeomba ni uongozi wa chuo, na lengo ni ubora. Zaidi ya hapo nimetia sahihi karatasi ya siri, na ni wewe uliyenifundisha kwamba mtu akishatia sahihi ameshafunga mdomo.

Nimeanza kuipitia tovuti mwenyewe. Nitasema kama ilivyo. Ukurasa wa mwanzo una maneno mengi kama hotuba ya mgeni rasmi. Saa za kufungua zimeandikwa mahali pawili, na mahali pawili hapo hapaelewani. Kuna tangazo la semina ambayo mtoa mada wake amekwishastaafu. Kisanduku cha kutafutia kimekaa chini ya picha ya jengo, rangi moja na ukuta. Na ile "Rasilimali za Kielektroniki" yako nilimwonyesha mpokea wageni wetu, nikamuuliza anadhani ndani kuna nini. Akasema labda ni idara ya mafundi umeme.

Makala za majarida mnazo, nyingi na nzuri. Lakini ili uzifikie lazima ushuke mpaka mwisho wa ukurasa, ukute maandishi madogo ya "Mwongozo wa Masomo", uyabofye. Mtu ambaye hajaambiwa hawezi kufika huko. Mimi nilifika kwa bahati, nikitafuta namba ya simu.

Nina ombi, na ulichukue kama nilivyolisema. Usirekebishe kitu mpaka nije. Usifagie, usipake rangi. Waache wanafunzi wapotee. Wakipotea sana ndiyo heri. Mficha uchi hazai, dada.

Wako,
Swali

24 Februari

Wewe,

Uchi! Unanihubiria mimi habari za uchi, mimi niliyekuogesha kwenye beseni nyuma ya nyumba mpaka ukaanza kuona haya mwenyewe?

Nimeisoma barua yako nikatafuta mahali ulipoandika kwamba kuna hata kimoja kizuri. Nimepata "nyingi na nzuri", na hizo ni za wachapishaji. Nilipokuwa naandika kurasa zile ulikuwa wapi? Hiyo "Rasilimali za Kielektroniki" ndivyo tulivyofundishwa kuiita, na ndivyo inavyoitwa na wakutubi wenzangu wote. Kama mpokea wageni wenu hajui, aje dawatini nimweleze, mimi sibagui.

Halafu unasema nikae nitazame wapotee, na kwamba ndiyo heri. Heri ya nani? Ripoti yenye makosa mengi ndiyo inayowapa kazi ya pili, sivyo? Mkaitwe mjenge tovuti mpya yenye picha za vijana wanaocheka. Nimeelewa. Umekuja kupanda ngazi, na ngazi ni mgongo wangu.

Njoo. Utapokelewa kama mgeni yeyote wa ofisi. Chai utaikuta, dada hutamkuta. Na wanafunzi wangu nawajua vizuri kuliko unavyodhani. Utaona.

Mama anakusalimu. Sikumsomea barua yako yote.

Dada yako

16 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimerudi salama. Ulinipita kwenye korido umebeba majarida, ukasema, "Karibu sana, mtaalamu." Nilitaka kukupokea mzigo, nikakumbuka sikujui.

Matokeo ni mazuri. Ni mazuri kuliko ya chuo chochote nilichowahi kutathmini, na nimetathmini vyuo vyenye fedha. Wote walipata kitabu, wote walipata makala, wote walijua Jumamosi mnafunga saa ngapi. Hakuna aliyegusa kisanduku cha kutafutia. Hakuna aliyesoma ukurasa wa mwanzo. Kila mmoja alikaa, akashuka moja kwa moja mpaka mwisho, akabofya "Mwongozo wa Masomo" bila kufikiri mara mbili. Binti mmoja mwenye miwani alisema, "Ni rahisi sana, nimefurahi," na ukurasa ulikuwa bado haujafunguka.

Nilikaa kimya kama kanuni inavyosema, nikaandika.

Ripoti naiwasilisha mwisho wa mwezi. Kabla ya hapo, kuna jambo lolote ungependa kuniambia? Nakuuliza kama mdogo wako.

Swali

22 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, mara nyingi sana!

Jambo gani nikuambie? Kwamba nilikuambia? Barua yako nimemsomea Mama, safari hii yote, na yeye ameirudia kwa jirani. "Kuliko vyuo vyenye fedha." Leo nimevaa kitenge kile cha sherehe kwenda kazini, karani wa masijala akauliza kuna harusi ya nani.

Umezoea kuona watu wakipotea, sasa umewaona wasiopotea unatafuta mchawi. Wanafunzi wangu wanajua njia kwa sababu tovuti inaeleweka. Kama wanashuka chini, basi chini ndiko kuzuri. Andika ulichokiona, usiongeze chumvi wala usipunguze.

Nilikasirika, nilisema maneno ya ngazi na mgongo. Tuyafute. Ukipata likizo njoo nyumbani, kitanda chako bado kipo, ingawa Mama amekijaza mito.

Dada yako,
Mama Rafu

5 Juni

Wewe,

Leo tumeitwa ukumbini, wafanyakazi wote wa maktaba, na soda tukapewa. Mkurugenzi alisimama na ripoti yako mkononi. Akasoma: "Watumiaji wanajitegemea kikamilifu katika kutafuta taarifa." Akasema hayo ndiyo maendeleo. Akaomba nipigiwe makofi mimi niliyeijenga tovuti, na wakapiga. Nilisimama nikainamisha kichwa kama bibi harusi.

Kisha akasema kwamba kwa kuwa wanafunzi wanajitegemea, dawati la msaada linafungwa ifikapo mwisho wa wiki. Mahali pake patawekwa mashine ya kuuza vinywaji. Mkataba wangu hautaongezwa. Alisema "kwa shukrani nyingi".

Nilimfuata ofisini. Nikamwuliza, bwana mkurugenzi, mmeamua lini? Akanijibu kwa upole, maana si mtu mbaya, ni mtu wa tai tu: "Mama, tathmini tuliiagiza kwa ajili hiyo. Tulitaka kujua kama tovuti inaweza kusimama bila dawati. Ingeshindwa, tungekuacha. Mtaalamu alijua tangu siku ya kwanza, iko kwenye maelezo tuliyompa."

Alijua tangu siku ya kwanza. Nimerudi nikakaa dawatini. Kijana mmoja akaja kuuliza makala, nikamwonyesha.

Ulijua.

Dada yako

12 Juni

Dada,

Shikamoo. Nilijua, ndiyo.

Na nilikuambia. Rudi kwenye barua zangu, uzisome bila hasira. Nilikuambia usirekebishe. Nilikuambia waache wapotee na kwamba ndiyo heri. Nilikaribia kuivunja sahihi yangu. Wangepotea siku ile kama wanavyopotea kila siku, ripoti yangu ingesema wazi kwamba bila mtu wa dawatini chuo hiki hakisomi. Nilikuwa nimeshaiandika kichwani njiani nikija. Ingekuwa ripoti bora kuliko zote nilizopata kuandika, na wewe ungezeekea kwenye kiti chako.

Wewe ukaamua kuwafundisha. Uliwaweka darasani kabla sijafika ukawaonyesha pa kubofya, au unabisha? Nina video. Yule binti wa miwani amegeuka kuangalia mlango, kama mtoto aliyetumwa.

Utauliza kwa nini sikuandika hivyo. Ningeandika nini? Kwamba mkutubi amefanya udanganyifu kwenye tathmini? Ungefukuzwa siku hiyo hiyo bila soda. Nilikuuliza kama mdogo wako, kuna jambo ungependa kuniambia? Ukanijibu kwa kitenge. Basi nikakaa kimya, kwa ajili yako. Usinibebeshe peke yangu.

Swali

20 Juni

Mdogo wangu,

Sibishi. Orodha ya utakaowapima ilipita dawatini kwangu, niliwaita kwenye chumba cha majarida, nikafunga mlango, nikawaonyesha. Kila mmoja nilimshika mkono mpaka akakijua kile kiungo kama anavyojua mlango wa kwao.

Lakini usidhani nilimwogopa mkurugenzi. Nilikuogopa wewe. Nilifikiria umekaa nyuma ya mtoto wa watu anayehangaika kwenye kurasa zangu, umeshika kalamu, unaandika: hapa dada yangu hakuweza, hapa dada yangu hakujua. Nikaona heri niibe kuliko unione hivyo. Ni ujinga, na nitaubeba.

Ila na wewe ubebe wako. Kutoka kwako mpaka hapa ni basi moja. Ungekuja siku ya Jumapili, ukakaa kwenye mkeka na Mama, ukaniambia kwa mdomo wako: dada, wanataka kufunga dawati lako. Karatasi ya siri ingekuwa mfukoni mwako na mimi ningekufa na siri yenyewe, hakuna ambaye angejua. Ulipokuwa mdogo, ukisoma ukakwama kwenye neno, nilikuwa nakuachia uhangaike? Nilikuwa nalitamka, tunaendelea. Mimi nilikuomba njia, wewe ukaniletea methali.

Na usiseme ulinyamaza kwa ajili yangu. Ulinyamaza kwa sababu ndiyo kazi unayoijua. Inaniuma sana, na nimechoka kuandika.

Mama anauliza kwa nini sitoki asubuhi. Nimemwambia ni likizo.

Dada yako

9 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Nimekaa muda mrefu na kalamu hii.

Mambo yameharibika. Wanafunzi wa mwaka huu hakuna aliyewaonyesha kitu. Wahadhiri wanalalamika kwamba kazi zinaletwa bila rejea hata moja, na mkurugenzi ameipigia kampuni simu akiuliza ni tovuti gani tuliyoipima. Bosi akanirudisha kule nikapime upya.

Nimewakuta kama nilivyokuambia tangu mwanzo. Hawajui pa kushika. Kuna jambo nataka ulisikie kutoka kwangu. Ile picha yako kwenye ukurasa wa "Muulize Mkutubi" hawajaiondoa. Umetabasamu, umevaa ile sweta ya kijivu. Wanafunzi wakipotea kabisa wanarudi pale, wanabofya picha yako, na hakuna kinachofunguka. Wanabofya tena, wanangoja. Nilikaa nyuma yao nikaandika, na safari hii nilishindwa kuimaliza sentensi.

Lakini kuna kubwa zaidi. Karani wa masijala amenitambua. Alikuwepo kwenye mazishi ya shemeji, alituona mimi na wewe mstari wa mbele. Ameyapeleka ghorofani, kwa wakubwa. Sasa inasemwa kwamba mimi na dada yangu tulipanga matokeo ili kumpendeza mkurugenzi, na kwamba nilificha undugu kwa makusudi. Nimesimamishwa kazi. Wiki ijayo ninasikilizwa.

Kitu kimoja tu kinaweza kuniokoa. Uandike kwamba uliwafundisha wanafunzi wewe mwenyewe, kwamba mimi sikujua, na kwamba nilipouliza ulikataa. Wewe huna tena cha kupoteza pale, dada. Mimi nina mke na mtoto anayejifunza kutembea. Nimepotea kabisa, sijui nibofye wapi. Nakuomba unionyeshe.

Mdogo wako,
Swali

15 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imefika, na nimeisoma.

Kaa vizuri kwenye kiti. Vuta pumzi. Wakikuuliza, sema kwa sauti kila unachofikiri, hata kama unaona ni cha kipuuzi. Chukua muda wako. Usiogope kukosea. Hatukupimi wewe.

Utaona mambo mengi mbele yako na hutajua lipi ni mlango. Ndivyo ilivyo kwa wote. Utageuka kuniangalia, na mimi nitakuwepo hapa hapa kando, nimekaa. Kanuni ya kwanza unaijua.

Nilimsomea Mama barua yako yote, bila kuruka neno, na baada yake nikamsomea hii. Hakucheka. Alinyoosha mkono akanitafuta mpaka akanishika kiganja, akauliza, "Mtoto anakuomba njia, nawe utakaa kimya. Na kwa hilo nani anakulipa?"

Nimemjibu hakuna, Mama. Mimi kazi hii naifanya bure.

Dada yako